Usiifue: Kumuaga Bi Millicent wa Basi la Bawshar

Bi Millicent Chelagat amekuwa mwangalizi wa watoto katika basi la Bawshar la skuli yetu hapa Maskati, Oman, kwa miaka kumi na tisa. Alhamisi hii, tarehe 19 Juni, atashuka kwenye basi lile kama mfanyakazi kwa mara ya mwisho, na Jumamosi atapanda ndege kurudi kwao Kenya. Ofisi ilitaka wasifu wake uandikwe kwa Kiarabu, yeye akakataa. Alisema ukiandikwa kwa Kiarabu atasifiwa mtu mwengine na yeye atakaa pale akimpigia makofi. Basi nimepewa mimi, mama Thani wa maqsaf, lile duka letu la chakula cha watoto pale uwanjani. Kalamu sikuishika sana maishani, mnisamehe pale nitakapokosea, lakini Bi Millicent nnamjua.

Watu wanamuuliza atafanya nini akishastaafu, naye anawajibu kuwa atafuga kuku na atalala mpaka jua limtoe. Sisi tunaokaa naye tunajua kwamba kuku hawamshughulishi. Ana khofu moja tu, nayo ni mjukuu wake Stacy, mtoto wa mwanawe Tony, mwenye miaka minne. Wameonana kwenye simu tu tangu mtoto hajaota meno. Likizo iliyopita Bi Millicent alishuka garini na mikono yake wazi kumpokea, na yule mtoto akakimbilia nyuma ya mlango akipiga kelele, "Mama! Yule wa simu ametoka!" Nyumba nzima ilicheka, na yeye alicheka. Aliporudi huku akanihadithia hapa maqsaf, hakucheka.

Khofu hii mwisho wake nitausema. Kwanza nieleze kazi yake.

Aliajiriwa kwanza kusafisha madarasa. Siku moja mwangalizi wa basi la Bawshar aliumwa, akaambiwa apande badala yake siku hiyo tu, na hajashuka mpaka leo. Madereva wamebadilika, mabasi yamebadilika, yeye yupo pale pale mlangoni. Anamfunga mtoto mkanda, anampangusa pua, anamuuliza kama amekula, na akijibiwa hapana, andazi linatoka kwenye mkoba wake. Andazi hilo ni langu, lakini tuyaache hayo.

Watoto wakishashuka wote, Bi Millicent harudi kukaa. Anakwenda mpaka kiti cha nyuma kabisa, anainama, anapapasa chini ya kila kiti kwa mkono. Dereva wetu Baba Amur, mtu wa haraka, alikuwa akimpigia kelele kwenye kioo.

"Bi Millicent, basi tupu hilo! Hata mimi naliona!"

"Macho yako yaendeshe gari, Baba Amur. Huku wacha mkono uone."

Mimi kila mwaka joto likianza, na magari yakawaka kama tanuri, na tukasikia khabari za mtoto aliyesahauliwa ndani ya basi, huukumbuka mkono ule na moyo wangu hutulia. Mama wengi wa Bawshar wanajua ninalolisema.

Mambo haya yote amekuja nayo kutoka kwao. Bi Millicent amekulia katika shamba la kondoo, huko milimani juu ya Molo. Mimi nikisikia neno shamba nilikuwa nikifikiria mikarafuu na minazi ya Unguja aliyotuhadithia bibi yangu. Sivyo. Anasema kule ni majani na kondoo, kondoo na majani, na upepo usiokwenda kulala. Juu kilimani ipo nyumba kubwa ya mwenye shamba, yenye bomba la moshi juu ya paa. Chini, karibu na banda la kunyolea kondoo, ipo safu ya nyumba za mbao za wachungaji. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, imegusana na zizi. Babake, Mzee Philip, alikuwa mkubwa wa wachungaji, na alitaka alale akiwasikia kondoo wake wakipumua. Mamake alikuwa akisema ameolewa na mwanamume mmoja na kondoo mia tano.

Halafu baridi. Sisi wa Maskati baridi tunaipata kwenye kiyoyozi, tukichoka tunaizima. Kule asubuhi majani yanaamka meupe kama yamemwagiwa chumvi, na watoto hawana viatu. Sasa walikuwa wakifanya nini? Wanamwendea kondoo aliyelala, wanamwinua, wanasimama pale pale alipokuwa, kwenye joto lake, mpaka vidole vya miguu virudi. Kisha wanakimbia kwa kondoo wa pili. Hivyo hivyo mpaka skuli, kondoo kwa kondoo. Mwalimu akimuuliza mbona amechelewa, Bi Millicent anamjibu, "Mwalimu, leo kondoo wameamka mapema." Alipigwa kwa jawabu hilo, na mpaka leo anasema alisema kweli.

Siku za kunyoa kondoo ndizo zilizokuwa sikukuu yake. Wanaume wanakuja na mikasi mikubwa, kondoo anaingia bandani mnene kama godoro anatoka mwembamba kama mbuzi, na wanawe hawamjui, wanamkimbia wakilia. Kazi ya watoto ilikuwa gunia. Lilikuwa gunia refu kuliko mtu, limetundikwa kwenye boriti. Mtoto anatiwa ndani, sufu inamwagwa juu yake, naye anakanyaga. Anakanyaga na anapanda, anakanyaga na anapanda, mpaka kichwa kinatokeza juu kama andazi lililofura. Akitoka hapo anang'ara kwa mafuta ya sufu, na mamake hana haja ya kumpaka mafuta wiki nzima. Watoto wa mjini skuli walikuwa wakimzibia pua. Yeye hakujua kwa nini. Harufu ile kwake haikuwa ya kondoo, ilikuwa ya nyumbani.

Wanakondoo wasio na mama walikuwa wakiletwa jikoni, wanatiwa ndani ya sanduku karibu na moto, na Millicent mdogo ndiye akiwanyonyesha kwa chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira. Anasema alikuwa akisinzia na chupa mkononi, na mwanakondoo akimaliza maziwa anahamia kwenye sikio lake. Nimemwona kwenye basi letu, mtoto mchovu amelala begani kwake huku ananyonya ncha ya mtandio wake, naye hata hamtoi. Anasema, "Wacha, si sikio."

Kuna hadithi moja ya shamba lile ambayo lazima niiandike vizuri, kwa sababu bila hiyo kazi ya Bi Millicent haifahamiki.

Mwaka mmoja kondoo jike alifiwa na mwanawe. Wakati huo huo jikoni kwao kulikuwa na mwanakondoo aliyefiwa na mama. Mtu angedhani ni jambo jepesi, huyu anamtaka mtoto na yule anamtaka mama. Lakini kondoo hataki mtoto wa mwenziwe. Akiletewa anampiga kichwa. Mzee Philip akamchuna yule mwanakondoo aliyekufa, akaichukua ngozi yake ndogo, akamvisha yule yatima kama koti, miguu minne imepita kwenye matundu. Millicent alikuwa mdogo sana. Alilia, akamshika babake mguu.

"Baba, unamdanganya mama wa watu!"

Mzee Philip hakuacha kazi yake. Akamwambia, "Simdanganyi. Namtambulisha."

Wakampeleka. Yule kondoo akamnusa kichwani, mgongoni, mpaka mkiani. Akapiga mguu chini mara moja. Halafu akasimama tuli, na yatima akanyonya, na kimkia chake kikatikisika ndani ya lile koti. Siku zilizofuata Mzee Philip alikuwa akilikata koti kidogo kidogo, leo mguu, kesho shingo. Lilipomalizika, mtoto alikuwa ameshanukia maziwa ya mamake mpya, na hapakuwa na haja ya koti tena.

Sasa nije kwa mwanangu Aseel, mdogo wake Thani. Hivi leo Aseel yuko darasa la sita na ananisahihisha Kiarabu changu mbele ya wageni. Lakini alipoanza skuli, basi lilipokuwa likifika mlangoni kwetu Bawshar, alikuwa akilia mpaka anatapika. Njia nzima analia. Darasani analia. Walimu wakanambia kwa upole kwamba ikiwa wiki ile ingemalizika hivyo, ni bora nimweke nyumbani mpaka mwaka ujao. Mimi wakati huo sijaingia maqsaf, nilikuwa mama wa mlangoni tu, na nilikuwa nikirudi ndani basi likishaondoka, nalia na mimi. Niliona mwanangu atabaki nyuma kwa wenziwe, na kosa ni langu kwa kuwa nimemzoesha mapaja yangu.

Bi Millicent akanambia, "Mama Thani, kesho nipatie leso yako, ile unavaa ukiwa kwa nyumba. Na usioshe."

Nyinyi mliotoka Unguja mnajua leso kwetu ni nini. Ni kitambaa cha mkononi. Nikasema moyoni, huyu mgeni ana adabu yake, anataka kumfuta mwanangu machozi. Na hilo la nisioshe nikadhani anataka kunipunguzia taabu. Vipi nitatoa kitambaa kichafu kiende skuli, watu waseme mtoto huyu hana mama? Nikachukua leso nyeupe ya babake Thani, nikaifua, nikaipiga pasi, nikaifukiza udi kwenye chetezo mpaka harufu ikafika kwa jirani. Asubuhi nikampa Aseel mkononi.

Aseel akaipeleka puani, akanitizama, akapiga ukelele ambao mpaka leo jirani zangu wananiuliza. Maskini, kumbe nyumbani kwetu udi maana yake mama anakwenda harusini na watoto wanabaki.

Bi Millicent alishikilia mlango wa basi asianguke kwa kucheka. "Woi, Mama Thani! Mimi nimesema leso, wewe umeniletea kitambaa ya kamasi!"

"Si umesema leso?"

"Hiyo!" Akanionesha kiunoni. "Hiyo umejifunga!"

Nikajitizama. Nilikuwa nimejifunga khanga, nimetoka nayo jikoni. "Hii? Hii khanga, Bi Millicent! Ina mafuta ya samaki!"

"Hiyo hiyo."

"Nimejifutia vitunguu!"

"Mama, unataka mtoto ajue ni wewe, ama ajue uko na pesa ya udi?"

Baba Amur akapiga honi. Nikaifungua khanga pale pale nikampa, na uso wangu unaniwaka kwa haya. Aseel akauzamisha uso wake ndani ya yale mafuta ya samaki, akakaa. Alikuwa bado ana kwikwi, lakini hakutapika, na basi likaondoka na mimi nimesimama njiani nikiwa nusu mtu.

Siku za mwanzo khanga ilikaa usoni kwa Aseel. Kisha ikashuka mapajani. Kisha Bi Millicent akawa anaitia begani kwake, mtoto akiitaka anaiona. Ikafika siku Aseel alipanda akamhadithia habari za paka wetu njia nzima, na khanga hakuiulizia. Iliporudi kwangu nikainusa. Ilikuwa haina samaki tena. Ilikuwa inanukia viti vya basi, na maandazi, na mafuta ya nazi anayojipaka Bi Millicent. Hapo nikajua mwanangu sasa ana watu wawili. Na Bi Millicent ndiye aliyekuja kunambia maqsaf wanatafuta mtu, maana aliona mama naye anahitaji kutolewa nyumbani.

Tangu hapo imekuwa desturi ya basi la Bawshar. Kila mwaka watoto wapya wakianza, utamwona Bi Millicent amejaza mabegani nguo za kina mama, khanga, mitandio, hata magauni ya kulalia, na kila moja anaijua ya nani. Mwaka mmoja Hadeel mdogo alianza skuli mamake akiwa amelazwa hospitali. Babake hakujua alete nini. Akavua kofia yake kichwani, akampa, akaendesha gari kwenda kazini kichwa wazi. Mnaojua wanaume wetu na kofia zao mtafahamu hilo lilikuwa jambo gani.

Kuna na mwito wake. Ule wa kuwakusanya watoto uwanjani, "Trrr-hoo!", ambao babake alikuwa akiwaitia kondoo washuke kilimani. Mzazi mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba mwanawe hakuzaliwa aitwe kama mnyama. Bi Millicent akaacha kuita. Siku zile basi lilikuwa likichelewa mpaka Baba Amur akakaribia kulia. Wiki iliyofuata mzazi yule alionekana kwenye duka kubwa la Bawshar amepotewa na wanawe watatu baina ya rafu, amesimama katikati anaita, "Trrr-hoo!" Walikuja wote watatu. Mwito ukarudi.

Sasa nirudi kwa Stacy kama nilivyoahidi.

Ramadhani iliyopita maqsaf ilikuwa imefungwa, mimi nasafisha majiko, Bi Millicent amekaa juu ya kreti ananisubiri. Alikuwa ameshapewa tarehe yake ya kustaafu. Akanambia, "Mama Thani, mimi nitanukia nini kwa yule mtoto? Nitanukia ndege."

Niliacha kusugua. Nikamwambia, "Wewe umewatambulisha watoto wa Bawshar nzima, wako umemsahau?"

Alinitizama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa. Siku ya pili alikuja kazini amejifunga leso yake, ile ya maua ya zambarau, na hakuivua. Alifanya nayo kazi, akalala nayo, Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yao ya ibada, akaenda nayo kanisani mtaa wa Ghala, na watoto wa basi wote wakailalia. Ilipokuwa imekolea akampa Mkenya mwenzake aliyekuwa akienda likizo. Akampigia simu mkwewe, mama Stacy, kumweleza. Mimi kwa wasiwasi wangu nikamwomba simu. Nikasema, "Mwanangu, mimi si wa kwenu, lakini nakuomba kwa Mungu, usiifue. Wala usiitie manukato."

"Sawa, mama. Nimeskia. Siwezi osha."

Kisha ikawa kungoja. Kila siku nikimuuliza, ana khabari gani? Mwanzo zilikuwa khabari mbaya. Stacy ameitupa chini ya kitanda. Stacy amemfunika nayo paka. Bi Millicent alikuwa akisema si neno, lakini nilimwona anafunga mikanda ya watoto bila ya kuimba. Halafu tukaambiwa paka amenyang'anywa. Halafu kukawa kimya, na kimya mimi sikiwezi.

Jumapili hii ameingia maqsaf na simu mkononi, akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya mkwewe, ameirekodi akaituma. Alikuwa anasema leso ile sasa inanuka kweli kweli, ameshindwa kuvumilia, amejaribu kuichukua aioshe, na Stacy amemng'ata mkono. "Anasema nisiguse, ni ya gogo."

Kwetu sisi gogo ni kipande cha mti, nikamtizama Bi Millicent nikadhani mtoto amemtukana. Akanieleza huku machozi yanamtoka kwamba kwa lugha ya kwao gogo ni bibi. Nikaisikiliza tena. Mtoto hakusema bibi wa simu. Amesema bibi.

Basi Bi Millicent, sasa nasema nawe mwenyewe. Kwa niaba ya wazazi wa Bawshar na wafanyakazi wote, ahsante kwa mkono wako uliopapasa chini ya viti vyetu. Mwenzetu mpya Nouf tumemwona anapapasa kama wewe, na Baba Amur ameshaanza kumpigia kelele, kwa hivyo mambo yako sawa. Usinyanyue masanduku mwenyewe, magoti yako unayajua. Vaa soksi tangu ndani ya ndege. Molo si Bawshar, na kondoo wa kukupasha miguu hawapo tena. Ukifika tuma neno, hata moja, nisikae roho juu.

Kwenye begi lako dogo, chini ya zile tende, nimetia khanga yangu ya maqsaf. Ina mafuta ya sambusa na vitunguu, na Aseel ameifutia mikono. Safari hii sikuifua, wala sikuifukiza. Kule nyumbani mwanzo utajiona mgeni, utaamka ukitafuta honi ya Baba Amur, na siku hizo uinuse. Harufu yetu itatoka kidogo kidogo, leo mguu, kesho shingo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sote tunakuombea maisha mema na uzee mwepesi, na Stacy mapajani. Na siku utakapoona umeshazoea kwenu, basi, ifue.

Mama Thani, maqsaf